Mnara wa Saa wa Tsim Sha Tsui, Hong Kong: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, Eastleigh na Kikuubo wanaokwenda Guangzhou hupitia Hong Kong na kulala usiku mmoja au miwili. Wengi hufikia Chungking Mansions, jengo lenye nyumba za wageni, wakahesabu katoni, wakala chapati, wakaondoka. Dakika kumi kwa miguu kutoka kitandani mwao pana mnara wa saa uliosimama ukingoni mwa bahari, na kila msimu wa safari huulizwa maswali yaleyale kuuhusu. Nimeyajibu hapa, pamoja na mawili matatu ambayo hakuna anayeyauliza ila mimi ningependa yaulizwe.

Mnara wenyewe uko wapi, na ukoje?

Uko kwenye ncha ya kusini ya Kowloon, upande wa bara wa Hong Kong, jirani kabisa na gati la feri za Star Ferry. Mbele yake ni Bandari ya Victoria, na ng'ambo ya maji ni maghorofa ya kisiwani. Ni wa matofali mekundu na mawe ya matale, una urefu wa mita 44, na juu ya kuba lake imechomekwa nondo ya kukinga radi yenye mita 7 nyingine. Una nyuso nne za saa, kila upande mmoja. Mbele yake kuna bwawa la maji na safu za mitende, kwa hiyo upepo ukitulia utauona mara mbili.

Jina la serikalini ni refu, linataja reli ya zamani ya Kowloon hadi Canton. Wenyeji hawana habari nalo. Wao husema "Jung Lau". Neno "jung" kwao ni saa na ni kengele pia, kama sisi ambao "saa" kwetu ni chombo cha mkononi na ni muda wenyewe. Ukimwambia dereva wa teksi "Tsim Sha Tsui Jung Lau" atakufikisha, hata kama lafudhi yako ni ya Tandale.

Mbona umesimama peke yake? Jengo lake liko wapi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Mtu akiutazama vizuri huona kwamba kuna kitu hakipo. Minara ya saa kwa kawaida huegemea ukumbi wa mji, kanisa au ikulu. Huu haujaegemea chochote.

Ulikuwa kona ya stesheni ya treni. Chukua stesheni ya reli ya kati pale Dar es Salaam, karibu na bandari, ibomoe yote, ofisi, majukwaa, mataruma na mapaa, kisha bakiza pembe moja tu. Ndicho kilichotokea hapa. Waingereza walifungua upande wao wa reli mwaka 1910, na mwaka uliofuata ikaungana na reli ya upande wa China hadi Canton, mji ambao leo tunauita Guangzhou. Stesheni kubwa ya Kowloon ilichorwa na A. B. Hubback, yuleyule aliyechora stesheni ya Kuala Lumpur na Msikiti wa Jamek wa mji huo. Mnara ulikamilika mwaka 1915. Stesheni ilichelewa kidogo kwa sababu Vita vya Kwanza vya Dunia vilikausha vifaa vya ujenzi.

Mahali palichaguliwa kwa akili. Meli ilitia nanga hapa, abiria akashuka na sanduku lake, akavuka hatua chache, akapanda treni. Kwa reli, mtu angeweza kutoka hapa akapita China na Siberia hadi Ulaya. Saa ile haikuwa pambo. Iliwaambia watu wa feri na wa melini kama treni bado wanaiwahi au imeshawaacha.

Mwaka 1949, China ilipobadilisha utawala, treni za moja kwa moja zilikatishwa. Abiria alifika mpakani Lo Wu, akashuka, akavuka daraja kwa miguu akibeba mizigo yake, akapanda treni nyingine upande wa pili. Ilikuwa hivyo kwa miaka thelathini, hadi 1979. Kufikia wakati huo stesheni ya chini ya mnara ilikuwa imeshafungwa: treni ya mwisho iliondoka mwezi Novemba 1975, kazi ikahamia Hung Hom kwenye nafasi kubwa zaidi, na mwaka 1978 mitaimbo na nyundo zikaingia kazini. Watu walipinga. Chama cha kutetea majengo ya kale kilipeleka ombi hadi kwa Malkia wa Uingereza. Jengo halikupona, mnara ukapona. Nguzo sita za mawe za stesheni nazo ziliokolewa, na unaweza kuziona kwenye bustani ndogo Tsim Sha Tsui Mashariki, zimepangwa kama watu wanaosubiri treni isiyokuja. Mwaka 1990 mnara ulitangazwa rasmi kuwa ukumbusho wa kihistoria usioguswa.

Kwa hiyo wewe unayepanda treni ya kasi pale West Kowloon na kufika Guangzhou kabla chai haijapoa, jua safari hiyohiyo ilianzia hapa chini ya matofali haya.

Na lile jengo kubwa lisilo na madirisha nyuma yake?

Kituo cha Utamaduni, kilichofunguliwa mwaka 1989 kwenye eneo la stesheni. Wamejenga ukumbi mbele ya mandhari ya bandari inayotamaniwa na dunia nzima, wakaziba ukuta. Vyoo vyake ni safi na havilipiwi. Sina la kuongeza.

Saa ina umri sawa na mnara?

Hapana, ni kubwa kwa umri. Kisiwani, mtaa wa Pedder, kulikuwa na mnara mwingine wa saa uliojengwa mwaka 1862. Ulikaa katikati ya barabara, na magari yalipozidi ukaonekana ni kizuizi, ukabomolewa mwaka 1913. Saa yake ikavushwa ng'ambo ikapachikwa huku. Mwanzoni upande mmoja tu wa mnara ulikuwa na uso wa saa, pande tatu zikabaki vipofu kwa miaka kadhaa. Nyuso zilizobaki ziliwekwa mwaka 1920, na saa ikaanza kufanya kazi kwa pande zote nne mchana wa tarehe 22 Machi 1921. Tangu hapo imekwenda, isipokuwa wakati Wajapani walipoitawala Hong Kong katika Vita vya Pili.

Ukisimama mnarani ukageuka kaskazini utaona hoteli ya Peninsula, iliyofunguliwa mwaka 1928 ili kuwapokea watu wa meli na treni hizo. Humo ndimo gavana Mark Young alimosalimu amri kwa Wajapani tarehe 25 Desemba 1941.

Kengele inalia?

Inalia, na ukae tayari kuhesabu. Kengele ya asili, yenye uzito wa karibu tani moja, ilinyamaza mwaka 1950. Ikahamishwa huku na kule kwenye stesheni nyingine kabla ya kurudishwa nyumbani, na sasa imetunzwa ndani ya mnara, chini. Tarehe 9 Desemba 2021, kuadhimisha miaka mia moja ya saa hiyo, mlio ulirudishwa, lakini kwa vipaza sauti. Husikika kila saa inapotimia, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita usiku, kwa idadi ya saa inayoonyeshwa na mshale.

Kuna wanaosema mlio wa spika si mlio. Mimi nilikuwa mmoja wao mpaka nilipousikia usiku wenye ukungu, feri zinapishana, sauti inakwenda juu ya maji na kurudi. Nilinyamaza.

Naweza kupanda juu? Kiingilio ni kiasi gani?

Hakuna kupanda. Ngazi za mbao za ndani zimefungwa kwa wageni. Nje ni bure, saa zote.

Nikiitazama saa hiyo, nyumbani ni saa ngapi?

Hapa kuna siri ndogo ambayo haitakusaidia chochote ukiwa Mwingereza.

Hong Kong iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano, mwaka mzima, wala hawana desturi ya kusogeza saa mbele na nyuma kwa majira. Mtu wa Dar, Mombasa au Kampala akitaka kujua nyumbani ni saa ngapi, kwa kawaida hutoa tano, halafu anaanza kubadilisha kwenda saa za Kiswahili kwa kutoa sita. Achana na yote hayo. Tazama namba iliyoonyeshwa na mshale mfupi, uongeze moja. Basi.

Jaribu. Mshale uko kwenye 8 usiku: nyumbani ni saa tisa alasiri, watoto wanatoka shule. Mshale uko kwenye 3 mchana: nyumbani ni saa nne asubuhi, duka limeshafunguliwa, unaweza kumpigia karani. Uko kwenye 12, jua utosini: nyumbani ni saa moja asubuhi, usimpigie mtu simu za fedha saa hiyo, hajanywa chai. Sababu yake ni rahisi: tano za tofauti na sita za hesabu yetu ni kumi na moja, na kurudi nyuma kumi na moja kwenye duara la kumi na mbili ni sawa na kwenda mbele moja.

Walioko Bujumbura na Kigali wana raha zaidi, kwa kuwa wao wako nyuma kwa saa sita. Namba wanayoiona mnarani ndiyo saa ya kwao, bila kuongeza wala kutoa. Nane ya usiku Hong Kong ni saa nane mchana kwao. Ndugu wa Muscat wanaohesabu bado kwa Kiswahili waongeze mbili.

Kwa nini kila mtu anasema "tukutane mnarani", halafu hamuonani?

Kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mnara una pande nne na watu wengi. Wenyeji wanalijua hilo, ndiyo maana wazee wao hukutana kwenye milingoti mitano ya bendera iliyo karibu na gati na kituo cha mabasi. Mwambie mwenzio "kwenye milingoti" na hamtapoteana.

Ya pili ni saa zetu wenyewe. Niliwahi kupatana na dalali wa mizigo, Mpakistani, mtu mwema. Kichwani mwangu nilikuwa nimepanga saa mbili usiku, nikishamaliza sokoni. Mdomo ukatoa "two". Yeye akaja saa nane mchana, jua linachoma, akasubiri hadi akachoka. Mimi nikaja usiku na risiti zangu, nikasimama kwenye bwawa, mnara ukagonga mara nane, na nikiwa bado nahesabu ndipo nikaelewa nilichomwambia yule bwana. Simu ilikuwa na ujumbe wake nane vilevile. Tangu siku ile namwandikia mtu namba kama zilivyo kwenye tiketi ya ndege, 20:00, hata kama ni Mswahili mwenzangu.

Niende muda gani ili nione vizuri?

Kama unataka picha ya mnara wenyewe, nenda asubuhi kabla ya mabasi ya watalii, wakati wazee wanafanya mazoezi ya taratibu kandokando ya maji na matofali yameshika mwanga. Kama unataka mji, nenda jioni.

Angalia tu kwamba machweo ya huko hayana nidhamu ya machweo yetu. Sisi tumezoea jua kuzama karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Hong Kong, mwezi Juni linazama baada ya saa moja usiku. Mwezi Desemba, kabla ya saa kumi na mbili jioni jua limeshazama. Anayefunga au anayewahi Magharibi asitegemee mazoea.

Kila usiku saa mbili kamili kuna onyesho la taa liitwalo A Symphony of Lights. Lilianza mwaka 2004, ni bure, huchukua kama dakika kumi. Maghorofa ya pande zote mbili hurusha miale huku muziki ukipigwa kando ya maji. Wengi hulisifu sana. Kwa maoni yangu taa za kawaida za mji ule, zisizo na muziki, ni nzuri kuliko onyesho. Fika mapema, hesabu milio minane ya kengele, tazama dakika tatu za mwanzo, kisha wakati umati umeinua simu juu, wewe kapande feri.

Feri ipi?

Star Ferry, za kijani na nyeupe, zinazotoka kwenye gati la jirani kwenda Central na Wan Chai, kule kisiwani. Kampuni ilianzishwa na Mparsi, Dorabjee Naorojee Mithaiwala, mwaka 1888, na ikachukua jina la Star Ferry mwaka 1898. Nauli ni dola chache za Hong Kong. Ukitoka Kigamboni au Likoni utashangaa: hakuna gari, hakuna mkokoteni wa nazi, kuna mabenchi ya mbao tu. Migongo ya mabenchi hayo husukumwa mbele au nyuma, kwa sababu feri haigeuki; inakwenda na kurudi vilevile, abiria ndiye anayegeuza kiti atazame aendako. Hakikisha unakaa upande unaouona mnara ukirudi nyuma. Safari ni kama dakika kumi.

Usidhani ni kitu kidogo kwa wenyeji. Mwaka 1966 kampuni ilipotaka kuongeza nauli ya daraja la kwanza kwa senti tano, kijana mmoja aligoma kula gatini, na mji ukaingia kwenye ghasia za usiku kadhaa. Na mwaka 2006 gati la zamani la Central, nalo likiwa na mnara wake wa saa, lilifungwa na kubomolewa huku waandamanaji wakilia. Mnara wa saa utakaouona leo ukishuka Central ni wa kuigiza, umevishwa sura ya kizamani. Baada ya kutoka Tsim Sha Tsui utaujua tu.

Nasikia kuna mahali pengine hapohapo palipokuwa na mpira wa kutangaza saa. Ni kweli?

Kweli tupu, na wengi hupita bila kupaona. Vuka barabara ya Salisbury, utaona majengo meupe juu ya kilima kidogo. Yalikuwa makao makuu ya polisi wa majini, yaliyojengwa mwaka 1884. Sasa ni maduka ya vito na hoteli, panaitwa 1881 Heritage. Pembeni kuna mnara mfupi wa duara. Humo kulikuwa na tufe lililovutwa hadi juu ya mlingoti kila siku, na ikitimia saa saba kamili mchana likaachiwa lishuke.

Aliyekuwa analingoja si mtu wa mtaani. Ni manahodha melini, kila mmoja na darubini yake, mwingine kando yake kashika saa ya meli. Tufe likianguka, wanarekebisha. Kwa nini wahangaike hivyo? Kwa sababu baharini, kujua uko umbali gani mashariki au magharibi ni suala la saa. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja. Ukilinganisha saa ya jua ya mahali ulipo na saa ya bandari ya rejea, unajua umesogea kiasi gani. Saa ya meli ikikosea kwa sekunde nne tu, karibu na ikweta umekosea maili moja ya baharini, na mwamba hausubiri maili moja. Macho yalitumika badala ya masikio kwa sababu sauti huchelewa njiani. Mzinga ukipigwa, aliye mbali huusikia kwa kuchelewa sekunde kadhaa.

Tufe lilifanya kazi hapo tangu 1885 hadi 1907, kisha likahamishiwa kilima cha jirani, Blackhead Point, na likaendelea huko hadi 1933. Redio zikalistaafisha. Katika kipande hiki kidogo cha pwani, basi, saa ilitolewa kwa tufe kwa watu wa bahari na kwa mishale kwa watu wa treni. Sioni sehemu nyingine rahisi kama hii ya kumwonyesha mtoto kwamba saa ilianza kuwa kazi kabla haijawa kitu cha mkononi.

Sanamu ya Bruce Lee iko mbali?

Fuata maji kuelekea mashariki, kama dakika kumi na tano, hadi Avenue of Stars. Amesimama kwa shaba tangu 2005, mguu mbele, kiganja wazi. Nimeona wanaume wa makamo, waliokulia kwenye vibanda vya video vya Manzese na Kawangware, wakivua makoti na kujipanga mkao uleule bila aibu. Ni haki yao.

Nitafikaje?

Ukiwa Chungking Mansions, toka mlangoni, pinda kushoto, shuka na Nathan Road hadi inapokutana na barabara ya Salisbury. Usivuke juu, hutaweza. Ingia njia ya chini ya barabara, utokee penye kuba jeupe kama yai, ambalo ni Jumba la Makumbusho ya Anga. Fuata kulia hadi kwenye maji. Mnara utakuona kabla hujauona.

Kwa treni za chini ya ardhi, shukia East Tsim Sha Tsui, utafute mlango wa L6. Kutoka uwanja wa ndege, basi A21 hupita Nathan Road na kusimama jirani na Chungking. Ni rahisi kuliko treni na ghorofa yake ya juu ina nafasi ya kuona mji. Nunua kadi ya Octopus mara moja. Hulipa basi, treni, feri na hata maji dukani.

Kwenye Nathan Road kuna watu wananifuata wakisema "copy watch". Niwajibu nini?

Ni wapiga debe wa saa feki na mafundi suti. Watakuita rafiki, kaka, bosi. Usisimame, usiulize bei kwa utani, maana utani wako kwao ni mapatano. Inachekesha kwamba njia ya kwenda kwenye saa iliyosema kweli kwa miaka mia imejaa saa za uongo, lakini ukinunua, hesabu ya kwako.

Wapi pa kuswali na pa kula?

Msikiti wa Kowloon uko Nathan Road, pembeni mwa bustani ya Kowloon, mwendo wa robo saa kutoka mnarani. Asili yake ni msikiti wa mwaka 1896 wa wanajeshi wa Kihindi. Jengo la sasa, jeupe lenye minara minne, lilifunguliwa mwaka 1984. Ijumaa fika mapema, utakutana na Wasomali, Wapakistani, Waindonesia, na bila shaka mtu wa Tanga.

Chakula cha halali kiko ghorofa ya chini ya Chungking Mansions na ya kwanza: biriani, chapati, sambusa, dengu. Jengo lenyewe lilifunguliwa mwaka 1961 na lina ghorofa 17. Lifti zake ni ndogo na foleni yake ni ndefu, kwa hiyo kula kwanza ndipo upande. Kando ya mnara penyewe vyakula ni vya bei ya kitalii.

Nahitaji viza?

Inategemea pasipoti yako. Uliza ofisi ya uhamiaji ya Hong Kong kabla ya kukata tiketi, usimuulize jirani aliyesafiri mwaka juzi. La kushika ni hili: uhamiaji wa Hong Kong na wa China bara ni vitu viwili. Viza ya China haikupi Hong Kong, na kuruhusiwa Hong Kong hakukupi Guangzhou. Ukishaingia utapewa kikaratasi badala ya muhuri. Kiweke ndani ya pasipoti, na pasipoti itembee nawe hata ukienda mnarani kupunga upepo, kwa kuwa askari wana ruhusa ya kuiomba. Usitupe takataka wala kutema mate ovyo. Faini ni dola 3,000 za Hong Kong, ambazo ni karibu dola 385 za Marekani. Hapo faida ya katoni moja imekwenda.

Chaja yako haihitaji adapta. Plagi zao ni za pini tatu kama za kwetu.

Hali ya hewa?

Oktoba hadi Desemba ndio muda mzuri, hewa kavu na anga safi. Januari na Februari kuna baridi ya koti, hasa ukingoni mwa maji. Kuanzia Mei ni joto la jasho, na Juni hadi Oktoba ni msimu wa tufani. Ikitangazwa ishara namba 8, feri husimama, ofisi hufungwa, na wewe baki chumbani. Usiende kupiga picha za mawimbi.

Nimeshaona minara ya saa ya Arusha na Dar. Huu una jipya gani?

Hiyo ya kwetu iko katikati ya barabara, unaizunguka na gari. Ndugu wa kweli wa mnara huu ni ule wa jumba la Beit al-Ajaib, Unguja, uliotazama bahari ya Forodhani na kusomwa na watu wa majahazini. Nao ulikuwa na historia ya kuhama: mnara wa mwanzo ulisimama mbele ya jumba, ukavunjwa na mizinga ya Waingereza mwaka 1896, ukajengwa mwingine kwenye uso wa jumba lenyewe. Kule sehemu kubwa ya jumba iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikaenda na mnara wake, na mafundi wawili wakafa. Huku jengo lilikwenda, mnara ukabaki. Mzanzibari mmoja niliyesimama naye pale bwawani aliutazama muda mrefu, kisha akauliza kama waliobomoa stesheni waliomba radhi. Sikuwa na jibu, tukaenda kununua chai.

Nina dakika arobaini tu kabla ya basi la uwanja wa ndege. Zinatosha?

Zinatosha ukiacha sanduku kwa mtu wa mapokezi. Kumi za kwenda, kumi za kurudi, ishirini za kukaa kwenye ukingo wa bwawa. Pangilia ufike saa inapokaribia kutimia, usikie kengele. Sanduku usije nalo: njia ya chini ya barabara ya Salisbury ina ngazi pande zote mbili, na kuburuta kilo thelathini za vioo vya simu juu yake nilishafanya mara moja.